Mwenyekiti Aliyetaka Mita

Mwenyekiti wetu alipima barabara kwa kiondo. Wengine walisema kutoka nyumbani kwake hadi soko la Muthetheni ni mwendo wa saa moja, wengine wakasema ni kilomita nne, na mwalimu mmoja aliapa kwamba ni tano kasoro kidogo. Yeye alisema ni mizunguko mitatu na robo ya kusuka, na hakuna aliyewahi kumshinda. Alitembea huku akisuka, kiondo kimebanwa kifuani, nyuzi za katani zikining'inia hadi magotini, na kila alipofika alikokuwa akienda alipitisha uzi wa rangi kuweka alama. Kiondo kikiisha, aliyejua kukisoma angeona juma lake lote. Hapa alikwenda kanisani, hapa alikwenda kumwona mgonjwa, hapa alikwenda kugombana na chifu.

"Chini ya kiondo ni uongo," alinifundisha. "Huko mzunguko ni mdogo, halafu unapanuka kila ukirudi. Ukipima na hiyo utapotea. Kipimo inaanza ukutani."

Ukutani ni pale kiondo kinapoacha kupanuka na kuanza kupanda juu. Tangu hapo kila mzunguko ni sawa na mwenzake.

Nilikuwa katibu wa kikundi chake cha wasukaji kwa miaka mingi. Alizaliwa wapi na alikuwa mtoto wa nani sitasema, maana hata yeye maswali hayo aliyachukia. Mtu akimuuliza ni wa ukoo gani, alimjibu, "Kwani unanunua ukoo ama unanunua kiondo?" Na niseme mapema, asije mtu akadhani naandika sifa za matanga: kuna siku nilinyanyua mkono wangu mbele ya wanawake thelathini na wawili ili aondolewe kwenye kiti. Sababu nitaifikia.

Ugomvi wake mkubwa ulikuwa na kitu alichokiita kusomwa uso. Broka wa vyondo alikuwa akija Muthetheni na pikapu kutoka Nairobi kila baada ya wiki mbili. Hakuwa na bei. Alikuwa na macho. Alikuangalia viatu, akaangalia mtoto mgongoni, akaangalia midomo kama imekauka kwa njaa, ndipo akataja pesa. Mimi niliyemaliza kidato cha nne na kuvaa viatu vya ngozi nilipata zaidi ya jirani yangu aliyevaa akala, viatu vile vya tairi, na kiondo cha jirani kilikuwa kizuri kuliko changu mara mbili. Nilijua. Nilinyamaza na kuweka pesa yangu mfukoni.

Siku moja ya soko Mwenyekiti alituambia sote tuvue viatu. Tukacheka, lakini tukavua. Akavirundika pamoja nyuma ya kibanda, vya ngozi na vya tairi na malapa. Akachukua vyondo vyote akavipanga mezani, kisha akatuamuru tusimame mbali, mstari mmoja, miguu kwenye vumbi.

Broka alishuka kwenye pikapu, akaangalia meza, akatuangalia sisi.

"Hii ni ya nani?" aliuliza, ameshika kiondo kimoja.

"Ni ya sisi," Mwenyekiti alisema.

"Mama, nauliza mwenyewe ni nani."

"Leo unanunua kiondo. Hununui mwenye kiondo."

"Sasa mimi nitajuaje bei?"

"Eh! Si hiyo ndiyo tunakuuliza miaka yote?"

Wanawake walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Broka hakucheka. Alirudi kwenye pikapu yake akaenda, na hakurudi kwa wiki tano. Hizo wiki tano zilikuwa ndefu. Mimi nilikuwa na mtoto wa mwaka mmoja na mume aliyekuwa akitafuta kazi mjini Mlolongo bila kuipata, na usiku nilimlaani Mwenyekiti kwa jina lake lote, nikizima taa ili nisione aibu. Alipokuwa akipita mlangoni kwangu asubuhi, akisuka, nilimsalimu vizuri sana. Broka aliporudi, alirudi na macho yale yale.

Msidhani alikuwa mtu wa kunyooka kama rula. Sokoni alipita kwa wauza mbaazi, akachukua mkebe wa kasuku, ule wa mafuta ya kupikia wanaoutumia kupimia, akaugeuza na kuukagua kitako, maana wafanyabiashara wengine hugonga kitako kiingie ndani ili mkebe ujae haraka. Akikuta umegongwa alichukua jiwe akaugonga urudi nje, mbele ya wateja, bila kuomba ruhusa. Lakini yeye mwenyewe alipouza mbaazi zake, mjane alijaziwa mpaka kilele, na mwalimu mkuu alipangusiwa kwa kiganja mpaka punje ya mwisho.

"Mwaitu," nilimwambia siku moja, maana ndivyo tunavyomwita mama wa heshima, "hiyo si ni kusoma uso?"

"Hiyo ni mbaazi yangu," alisema. "Nikikosea, naumia mimi."

Na mtu huyo aliyetaka kila kitu kipimwe hakukubali kupimwa mwenyewe. Kliniki ya kutembea ilipokuja, nesi akaweka mizani chini ya mti na kutuita mmoja mmoja, Mwenyekiti alikataa kabisa kupanda. Nesi alimwambia uzito ni wa kujua kiasi cha dawa.

"Mimi si mahindi," alisema. "Andika: anatosha."

Nesi, binti wa watu, aliandika.

Basi huyo ndiye mtu niliyesafiri naye hadi Bangkok, mwishoni mwa miaka ya tisini. Wafadhili fulani walikuwa wamepata picha za vyondo vyetu wakatualika kwenye maonyesho ya kazi za mikono, siku sita, watu wawili. Yeye kwa sababu ni mwenyekiti, mimi kwa sababu najua Kiingereza. Mwaka huo mvua ilikuwa imekataa mara mbili. Mbaazi zilikauka zikiwa na maua. Wanawake walitusindikiza mpaka barabarani na hawakuimba, walitushika mikono tu. Kila mmoja wetu alijua tunakwenda kutafuta mnunuzi wa kununua kwa mwaka mzima, asiye na pikapu wala macho.

Hoteli tuliyokodishiwa ilikuwa kwenye mtaa wa mabaa. Sijui kama waliotuchagulia walijua. Usiku hatukutoka, tulisikia tu ngoma zikipiga ukuta. Lakini asubuhi, tulipotoka saa kumi na mbili na nusu kwenda kwenye maonyesho, ndipo mtaa ulipokuwa unakwenda kulala. Viti vilikuwa vimepinduliwa juu ya meza. Wazungu walikaa kwenye ngazi wakishika vichwa. Wasichana wa mabaa, viatu virefu mkononi, walikula uji wa mchele kwenye mkokoteni, na watawa wenye nguo za rangi ya papai walipita katikati yao bila viatu, wakipokea chakula kwenye bakuli. Mwenyekiti aliwapungia mkono wasichana wale kana kwamba yuko mlangoni mwa kanisa. "Mmeamka aje, wasichana?" aliwaambia kwa Kiswahili. Walicheka wakampungia pia.

Teksi zilikuwa zimejipanga hapo zikingoja walevi, na mlevi hana bei, ana mfuko. Siku ya kwanza tulibahatika. Dereva mzee aliwasha mita, tukaenda moja kwa moja. Mwenyekiti alikuwa na kiondo kidogo cha mtoto mikononi, ukuta umeshaanza, na alisuka mpaka tukafika. "Mzunguko mmoja na robo," alisema, akaweka alama ya zambarau.

Siku ya pili dereva alisema mita ni mbovu, akataja bei. Nililipa. Nilitaka tu kufika. Mwenyekiti alisuka kimya, kisha nikaona mikono inasimama.

"Katibu. Mzunguko wa pili umeisha."

"Labda ni njia nyingine, Mwaitu."

"Ile lango ya ndovu tumepita mara mbili."

Ni kweli tulilipita mara mbili. Nilikuwa nimeliona nikajifanya sikuliona. Tulifika mizunguko ikikaribia mitatu, na alama aliyoweka ilikuwa nyekundu.

Kuanzia siku hiyo alishika neno moja. Hakujua Kithai wala Kiingereza, lakini mita ni mita kila mahali. Alifungua mlango wa teksi, akainama, akasema, "Mita." Dereva akitikisa kichwa, alifunga mlango akaenda kwa wa nyuma yake. "Mita." Wa tatu. "Mita." Mmoja alimwonyesha vidole, akapunguza kidole kimoja, akapunguza kingine, na yeye akamwambia kwa Kikamba kwamba vidole si mashine. Nilisimama kando nimeshika mizigo, nikiona saa inakwenda, nikiona aibu. Wasichana wa uji walikuwa wameacha kula. Walisimama kwa miguu mitupu wakipiga kelele pamoja naye, "Mita! Mita!" na mmoja akamfokea dereva kwa lugha yao mpaka akawasha. Asubuhi tatu zilikwenda hivyo. Niliona aibu asubuhi zote tatu, na ya tatu nilipaza sauti pia.

Mnunuzi tulimpata. Alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye maduka, aliyekuja kwenye meza yetu siku mbili mfululizo akivuta nyuzi kuona kama zitakatika. Hakutuuliza tunatoka ukoo gani. Siku ya pili alisema anataka mzigo wa mwaka mzima. Tumletee sampuli za saizi nne hotelini kwake kesho yake, saa mbili asubuhi, tutie sahihi, maana kutoka hapo anaelekea uwanja wa ndege. Usiku ule sikulala kwa furaha. Niliwagawia wanawake wote pesa kichwani, mmoja baada ya mwingine.

Asubuhi ile madereva watatu walikataa mita, na nusu saa ikaenda. Mimi nilimwomba. Nilimwambia, "Mwaitu, leo tulipe tu. Leo tu." Alinijibu, "Ukilipa leo tu, kesho wanajua uso yako." Basi askari wa hoteli akatuonea huruma akapiga mluzi, na teksi ya mtu aliyemfahamu ikaja kutoka upande wa pili. Dereva alikuwa kijana, miwani ya jua juu ya nywele, pete tatu mkononi. Aliwasha mita kabla hajaambiwa. Nilishukuru Mungu kwa sauti.

Tukaenda vizuri mpaka katikati ya mji, ndipo magari yakasimama. Yakasimama kabisa, mbele, nyuma, pande zote. Mwenyekiti aliendelea kusuka, kisha akainua macho.

"Katibu, angalia. Gari imelala, lakini mashine inatembea."

Niliangalia. Namba zilikuwa zinabadilika. Nilimuuliza dereva kwa Kiingereza, akaonyesha magari ya mbele kwa kiganja.

"Muulize anapima nini kama hatuendi."

Nilimuuliza. Hakuelewa, au alielewa akakosa maneno, akacheka kidogo. Kicheko kile ndicho kilichotuponza. Mwenyekiti alihesabu pesa za pale mita ilipokuwa kabla gari halijasimama, akaziweka kitini, akafungua mlango katikati ya barabara.

Nilimshika gauni. "Mwaitu, tuko na dakika ishirini! Wanawake wako nyumbani wanangoja!"

"Afadhali nichelewe kuliko niibiwe nikiangalia."

Kijana yule alishuka pia. Alisimama kando ya mlango wake, mikono wazi, akituangalia tukipita kati ya magari. Hakutukana. Hilo nililikumbuka baadaye.

Tulitembea. Tulibeba sampuli mgongoni, mikanda kwenye paji la uso, kama tunaotoka kutafuta kuni, na watu wenye tai walitupisha njia. Tulipofika, mtu wa mapokezi wa hoteli ile kubwa alituambia kwa adabu nyingi kwamba mama tunayemtafuta ameondoka robo saa iliyopita. Niliketi kwenye ngazi za marumaru nikalia, na sikuficha. Mwenyekiti alisimama kando yangu hadi nilipomaliza. Hakuniambia pole.

Jioni, maonyesho yalipofungwa, tulirudi kwa teksi yenye mita. Hakusuka. Alikaa mbele, kiondo kimelala mapajani, akikodolea mita macho njia nzima, na mimi nyuma nikasema moyoni: nuna, nuna sana. Tulipofika alipanda chumbani, mimi nikabaki kwa mama wa mapokezi wa hoteli yetu nikimweleza yaliyotupata. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, kwa sauti ya mtu anayemweleza mtoto, kwamba mita za huko hupima mwendo na pia hupima kungoja. Gari likisimama kwenye msongamano, dakika zinahesabiwa. Ndiyo sheria, kila mtu anaijua.

Yule kijana hakuwa mwizi.

Nilipanda ngazi nikiwa na maneno hayo mdomoni. Nilimkuta Mwenyekiti akikunja nguo. Nikayameza. Nilijiambia kwamba namwonea huruma, lakini haikuwa huruma. Nilitaka kumkasirikia, na mtu akishajua kosa lake akasema samahani, hasira yako inakosa pa kukaa. Asubuhi yake tulipoondoka niliona hana kile kiondo kidogo. Nikadhani amekitupa.

Nyumbani mkutano uliitishwa. Wanawake walikaa chini, na Mwenyekiti akasimama akasema mnunuzi tulimkosa kwa sababu yeye mwenyewe alishuka kwenye gari. Mmoja akauliza, "Kwani dereva alikuwa anawaibia?" Mimi niliangalia daftari langu.

"Katibu, andika," Mwenyekiti alisema. "Mwenyekiti aliteremka."

Nikaandika maneno hayo mawili tu. Kisha mtu akapendekeza kiti kipigiwe kura, kura za mikono, na mimi nikanyanyua wangu. Aliuona. Alibaki kitini kwa kura mbili. Kesho yake alikuja kwangu na kasuku ya mbaazi, sijui alizitoa wapi mwaka ule, imejazwa mpaka kilele. Aliiweka mlangoni akaenda zake akisuka.

Kiburi, nilisema. Na mbaazi nikazipika.

Lakini sikiliza kilichofuata. Njaa ilipozidi, wanawake wengi walitaka turudi kwa broka na macho yake. Mwenyekiti alisema hapana. Alikwenda Machakos mjini akanunua futi ya fundi nguo, akaipigilia misumari kwenye nguzo ya kibanda, na chini yake akaniambia niandike bei: upana huu, kimo hiki, shilingi hizi. Broka alikuja, akasoma, akacheka, akaenda. Akaja tena. Mara ya nne aliteremka, akachukua kiondo akakipima mwenyewe kwenye nguzo, na jirani yangu mwenye akala akapokea pesa sawa na mimi. Nilimwona akizihesabu mara tatu. Ilikuwa haki, na ilinipunguzia mimi, na sikulalamika kwa sauti.

Miaka ikapita. Nilipata kazi ya karani Machakos mjini, nikahamia huko, nikavaa viatu vya kisigino. Mwenyekiti nilimwona mara moja moja, katika harusi na mazishi. Kisha asubuhi moja, nimekwenda hospitali kumchukulia mtoto dawa, nikamwona kwenye benchi peke yake, fimbo kati ya magoti, mfuko wa karatasi wa dawa mkononi. Alikuwa amepungua mno. Shingo ilikuwa imebaki kamba.

"Wi museo, Mwaitu?" nilimsalimu.

"Katibu," alisema, bila kushangaa. "Wamenipima."

"Ukakubali?"

"Nilimwambia nesi asome kwa sauti. Arobaini na moja." Aliukunja mdomo wa mfuko wa dawa. "Mashine yao ni nzuri."

Nilimwambia nitampeleka nyumbani kwa teksi, hatasimama njiani kungoja matatu leo. Tulitembea polepole hadi kwenye stendi ya teksi, tukipumzika kila ukuta. Mikono yake ilikuwa mitupu. Sikuwahi kumwona akitembea hivyo, na hilo ndilo lililonivunja. Nikamwambia yote, palepale, kwamba mita ya Bangkok ilikuwa ikipima kungoja, kwamba kijana yule alikuwa mwaminifu, kwamba nilijua tangu jioni ile na nikanyamaza.

"Hata mimi nilijua," alisema.

"Ulijuaje? Ulikuwa chumbani."

"Kwa gari ya kurudi. Niliangalia mashine. Taa nyekundu, gari imesimama, mashine inatembea. Nikasema: dereva mwingine, mashine nyingine, tabia moja. Basi si mwizi." Alishika fimbo kwa mikono miwili. "Nilimwona pete, nikamwona miwani, akacheka, nikasema huyu ni mwizi. Nilimsoma uso, Katibu. Mimi."

Nilimshika kiwiko tukasogea hatua chache, naye akaendelea.

"Ile kyondo ndogo nilimwachia askari wa hoteli ampe yule kijana. Haikuwa imeisha mdomo. Sijui kama ilimfikia."

"Na kwa nini hukuwaambia wanawake? Walikupigia kura ya kukuondoa. Mimi nilikupigia kura."

"Ningewaambia, wangesema: unaona, hata mita ni bure, hata Mwenyekiti amekosea, turudi kwa broka. Mimi nilikosea. Mita haikukosea. Lakini watu wakiwa na njaa hawatenganishi hiyo." Alinitazama, na macho hayo hayakuwa na ugonjwa wowote. "Kwa hivyo nikabeba. Na wewe pia ulibeba. Ulifanya vibaya, lakini ilisaidia."

Tulifika kwenye stendi. Dereva wa kwanza, nilipomtajia tunakokwenda, alituangalia: fimbo, mfuko wa dawa, viatu vyangu vya ofisi.

"Muthetheni? Elfu tatu, madam."

"Jana mwenzangu alilipa elfu moja mia nane," nilisema.

"Umepima na nini?" Mwenyekiti alimuuliza.

"Cucu, hiyo ndiyo bei. Na wewe ni mgonjwa, utaumia na jua."

Jua lilikuwa kali kweli. Pesa nilikuwa nazo. Nilifungua mkoba, maana huyu alikuwa mwanamke wa kilo arobaini na moja na nilitaka alale kitandani kwake kabla ya mchana. Yeye hakunizuia. Aliketi tu, taratibu, kwenye ukingo wa barabara, akaweka fimbo chini, akavua malapa yake akayaweka kando. Nyayo zake zilikaa juu ya vumbi la moto.

"Dada, mwambie aingie," dereva alisema. "Atazirai hapa."

Niliangalia noti mkononi mwangu. Kisha nikazirudisha, nikaketi kando yake, nikavua viatu vyangu vya kisigino nikavichanganya na malapa yake. Vumbi lilinichoma, nikakunja vidole. Mwenyekiti alisogea kidogo kunipa nafasi kwenye kivuli cha nguzo, ambacho kilikuwa chembamba na hakikututosha sote wawili.

Wa kwanza alifyonya akarudi garini mwake. Wa pili alituona, akasogeza gari lake mbele, akateremsha kioo.

"Wamama, mnaenda wapi?"

Nilimgeukia Mwenyekiti nikingoja. Alikuwa ananitazama mimi.

"Muthetheni," nilisema. "Lakini kwanza tuambie unapima na nini."